Miezi minne na jeli ya adapalini: uzoefu wangu wa kutibu chunusi nyeupe

Kwa karibu miaka miwili paji langu la uso na kidevu vilijaa chunusi nyeupe, vile vipele vidogo vigumu ambavyo haviumi wala haviwashi, lakini huonekana wazi mtu anaposimama penye mwanga. Kila jioni nilikuwa nikivitumbua kwa kucha mbele ya kioo, na kwa kuwa ngozi yangu ni nyeusi, kila kipele nilichokitumbua kiliacha doa lililodumu kwa miezi kadhaa. Nilijaribu dawa ya meno, kisha maji ya limau, ambayo yalinibabua shavu la kushoto.

Mfamasia wa duka la dawa la mtaani kwetu, hapa Tanga, ndiye aliyenieleza kwamba chunusi hizi hazitokani na uchafu, bali ni mafuta ya ngozi yaliyochanganyika na seli zilizokufa yakaziba vitundu vya vinyweleo, kwa hiyo kusugua uso kwa nguvu huumiza ngozi tu. Alinishauri nitumie jeli ya adapalini ya asilimia 0.1, dawa ya jamii ya vitamini A, lakini kwanza aliniuliza kama nina mimba au natarajia kuipata, kwa sababu mjamzito hashauriwi kuitumia. Swali hilo lilinifanya nimwamini.

Naipaka usiku, baada ya kuosha uso kwa sabuni laini na kuuacha ukauke kabisa. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima, na hupakwa eneo lote, si juu ya kipele kimoja kimoja, kwa maana kazi yake hasa ni kuzuia vitundu visizibe tena. Mwanzoni niliipaka kila baada ya siku moja, na hata hivyo wiki ya tatu ngozi ilianza kubambuka pembeni mwa pua na vipele vikaongezeka, hata nikakaribia kuitupa. Badala yake nilipunguza hadi usiku mara mbili kwa wiki, nikitanguliza losheni nyepesi isiyo na manukato, na ngozi ikatulia. Mabadiliko niliyaona wiki ya nane. Kufikia wiki ya 12 paji lilikuwa laini. Madoa ya zamani bado yanafifia polepole, na mchana sitoki bila krimu ya kukinga jua ya SPF 30, kwa kuwa jua huyakoleza.

Jambo jingine lililonisaidia ni kuacha kulala na mafuta ya nazi kichwani, maana yalikuwa yakishuka hadi kwenye paji na kulowanisha foronya. Naamini bila hatua hiyo jeli ingechelewa zaidi.

Nawasihi sana wenzangu wasikimbilie krimu za kuchubua zenye steroidi, ambazo hulainisha uso kwa muda mfupi, kisha huacha ngozi nyembamba na chunusi mpya. Mwenye vinundu vikubwa vyenye maumivu amwone daktari wa ngozi, kwa sababu hiyo ni hali tofauti na yangu.

Tyubu ya gramu 30 ilinitosha zaidi ya miezi mitatu. Nimeshanunua ya pili, na sasa naipaka usiku mara tatu kwa wiki.