Kilainishi kwanza, kondomu baadaye: ununue kipi Nairobi?

Wanaume wengi tunaolala na wanaume wenzetu tukiingia kemisti tunahangaika na kondomu tu, halafu tukifika nyumbani tunachovya kidole kwenye kopo la Arimis. Kinga yote inaharibikia hapo, maana mafuta kama hayo hudhoofisha mpira. Mkundu hautoi utelezi wake wenyewe na utando wake wa ndani ni mwembamba. Ukichubuka, virusi vya UKIMWI hupenya kwa urahisi zaidi. Mpira mkavu nao hupasuka. Kwa hiyo hesabu pesa za kilainishi kwanza. Nimevipanga kuanzia ninachokiamini zaidi.

1. Cha silikoni. Geuza chupa usome viungo: ukiona "dimethicone" imetangulia, ndicho chenyewe. Hakikauki katikati ya shughuli, hakidhuru kondomu, na matone machache yanatosha, kwa hiyo usitishwe na bei. Angalia tu kisimwagike bafuni, maana sakafu itateleza vibaya, na usikipake kwenye vifaa vya ngono vya silikoni. Si kila kemisti ya mtaani hukiweka. Ukiona aibu kuuliza, agiza mtandaoni, uletewe na boda.

2. Cha maji, chenye glisirini kidogo. Hiki ndicho cha kila siku. Hukauka, basi ongeza kingine au matone ya maji. Lakini vya maji havilingani. Glisirini na propileni glikoli zikizidi, jeli hunyonya maji kutoka kwenye seli za utando na kuziumiza. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo cha ukolezi huo, osmolaliti, kisizidi 1,200, na ikiwezekana kiwe chini ya 380. Pakiti nyingi hazikiandiki, kwa hiyo tazama orodha: glisirini ikitajwa mwanzoni kabisa, rudisha kwenye rafu.

3. KY. Maabara ziliipima zikaikuta juu ya 1,200, ndiyo maana iko ya tatu. Hata hivyo ni bora mara nyingi kuliko kwenda mkavu, na uzuri wake ni kwamba madaktari huitumia kupima wagonjwa. Ukisema "nipatie KY" kwenye kaunta, hakuna anayekudai maelezo.

Usinunue kabisa: jeli ya kutia ganzi, kwa sababu maumivu ndiyo yanayokuambia umeanza kuchanika, na chochote chenye nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume, ambayo huunguza utando na kuongeza hatari ya maambukizi. Vaseline, losheni, mafuta ya nazi na ya kupikia hudhoofisha mpira wa lateksi kwa dakika chache tu. Mate hukauka upesi mno.

Kondomu yenyewe haina haja ya kukusumbua. Trust au Durex ya kawaida inatosha, na za serikali za bure pia. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kondomu ya kwanza mahususi kwa ngono ya mkundu. Katika majaribio iliharibika chini ya asilimia 1, na bado maagizo yake yanataka utumie kilainishi. Kabla ya kulipa, soma tarehe, kisha bonyeza pakiti kwa kidole gumba: usiposikia hewa ndani, imetoboka. Usiiweke kwenye waleti, joto la mfukoni huiharibu.

Prepu, yaani dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI kabla ya kukutana navyo, usiinunue kabla ya kuuliza hospitali ya umma. Serikali ilianza kuitoa mwaka 2017. Ulizia kwanza, kwani tangu Marekani ilipositisha misaada Januari 2025 baadhi ya vituo rafiki kwetu vimefungwa. Prepu huzuia virusi vya UKIMWI pekee. Kaswende, kisonono na klamidia bado zinataka kondomu na vipimo, tena mwambie daktari akupime koo na njia ya nyuma pia, maana mkojo peke yake hauonyeshi maambukizi ya huko. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi 3, ni pesa iliyotumika vizuri.

Kondomu ikipasuka na hutumii prepu, nenda ukaombe PEP, dawa za dharura za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya tukio, ndani ya saa 72, umeze kwa siku 28. Ikiwa ni Ijumaa usiku, usingoje Jumatatu. Nenda kitengo cha dharura usiku huohuo.