Mafaili manne wazi, macho mawili: Word na Writer kwa mtu anayetafsiri kutwa nzima

Mimi hutafsiri mikataba na miongozo ya mashine, Kiingereza kwenda Kiswahili. Siku ya kawaida nina mafaili manne wazi: chanzo, tafsiri yangu, faharasa ya istilahi ninayoijaza mwenyewe, na waraka wa zamani ambao mteja ameutuma "uone sisi tumezoea kusemaje". Kwa hiyo ninapopima programu ya kuandikia, fonti na mapambo yake hayanihusu. Nataka kujua jambo moja: nikifungua manne, yanakaaje mbele yangu?

Nilijifunza kuuliza hivyo kwa machungu. Kuna kipindi nilikaa miezi mitatu ofisini kwa mteja, nikitumia programu niliyoikuta kwenye kompyuta yao, ya zile zinazopanga kila faili kwenye kichupo juu ya dirisha moja, kama kivinjari. Mwanzoni niliipenda. Skrini safi, hakuna dirisha linalojificha nyuma ya jingine. Lakini vichupo vikiongezeka, majina hukatwa. Nilikuwa na "Mkataba wa upangaji - uliosainiwa" na "Mkataba wa upangaji - rasimu ya 3", na kule juu vyote viwili vilisomeka "Mkataba wa upan…". Nikabadilisha "mwenye nyumba" kuwa "mpangishaji" waraka mzima kwa mkupuo mmoja, nikahifadhi, nikafunga, nikaenda zangu kunywa chai. Kurudi, rasimu bado ina wenye nyumba wake wote, na ule uliosainiwa umejaa wapangishaji. Nikaenda masjala kuomba nakala ya karatasi, nikakaa kulinganisha mstari kwa mstari hadi jioni. Uzembe ni wangu, sibishi. Ila tangu siku hiyo kila faili langu lazima liwe na dirisha lake.

Word ina tabia hiyo tangu zamani. Katika Word 97 nyaraka zote zilibanana ndani ya dirisha moja kubwa. Word 2000 ndiyo iliyoipa kila waraka dirisha lake na kitufe chake chini ya skrini. (Excel ilichelewa, ikafuata 2013.) Kabla ya hapo wapiga chapa walikuwa na WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia ya enzi zile, nyaraka mbili tu, ukibonyeza Shift na F3 unahama kutoka moja kwenda nyingine, na kwenye kona ya chini kulia imeandikwa Doc 1 au Doc 2 ili usipotee. Mama mdogo alifanya kazi na hiyo miaka mingi. Siku moja alikaa kwenye laptopu yangu, vidole vikakumbuka, akabonyeza Shift na F3 ndani ya Word. Neno likageuka herufi kubwa. Akabonyeza tena, likabadilika tena. "Hii mashine yako inanitania," akasema.

Sasa kinachonifanya niendelee kuilipia Word. Fungua chanzo na tafsiri, nenda View, bofya View Side by Side. Madirisha mawili yanalala ubavu kwa ubavu, na ukivuta moja kwenda chini, la pili linafuata. Kiingereza na Kiswahili haviendi sambamba kwa urefu, kwa hiyo kufika ukurasa wa nne ibara zimeshapishana. Dawa yake: zima Synchronous Scrolling (ndiyo inayoyafanya yafuatane), panga ibara ya 9 itazamane na ibara ya 9, kisha washa tena. Nafanya hivyo labda mara sita kwa mkataba mmoja. Hakuna kilichonisaidia zaidi kukamata aya niliyoiruka, maana pengo unaliona kwa jicho kabla hata hujasoma.

La pili wengi hawalijui: New Window. Hii hufungua dirisha la pili la faili lilelile, siyo nakala. Kwenye vichwa vya madirisha hayo pameongezwa 1 na 2. Mkataba huanza na ibara ya maana za maneno, na ukiwa ibara ya 14 huna budi kurudi kuangalia "Huduma" ilifafanuliwaje. Basi dirisha moja naliacha mwanzoni, la pili ndilo ninaloandikia. Nikisahihisha huku, kule kumeshabadilika. Ukifunga mojawapo, faili bado liko wazi.

Nyumbani nina mashine kuukuu ya RAM GB 4, na humo natumia LibreOffice Writer, ya bure. Nayo kila waraka una dirisha lake, na New Window ipo kwenye menyu ya Window. Lakini kuvuta nyaraka mbili kwa pamoja hakuna, wala kugawa dirisha moja vipande viwili; hilo wameiwekea Calc tu, programu yao ya majedwali. Jihadhari pia na Ctrl na Q: ukidhani unafunga waraka mmoja, inafunga yote. Itakuuliza kuhusu ambayo hujahifadhi, kwa hiyo hupotezi kazi, unapoteza tu mpangilio wako wa madirisha, na kuupanga upya ni kero. Na usidanganyike na wingi wa madirisha: nyuma yake mtambo ni mmoja, likianguka moja yameanguka yote. Ukiiwasha tena inajitolea kuyaokoa.

Pengo la Writer naliziba hivi. Napanga madirisha kwa kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto, kisha wa kulia. Halafu naacha kielekezi cha kipanya kikielea juu ya chanzo bila kubofya. Tangu Windows 10, gurudumu la kipanya linaweza kusogeza dirisha lililo chini ya kielekezi hata kama unaandika kwenye jingine. Mkono mmoja unasogeza Kiingereza, herufi zinaendelea kuingia kwenye Kiswahili. Hili linafanya kazi hata ukilinganisha PDF, ambako Side by Side ya Word haisaidii.

Kwa hiyo mikataba inabaki Word. Barua, ripoti fupi na kazi za usiku, Writer inatosha kabisa. Na majina ya mafaili nimeyageuza: kinachotofautisha kinatangulia, "R3 Mkataba wa upangaji", "SAINI Mkataba wa upangaji". Lile la SAINI nalifungua kwa kusoma tu.