Tuisheni ya aljebra ya mtu mmoja: hii "hamisha, geuza ishara" imeniudhi

Nyota mbili. Nilikuwa nimeshaandika moja, nikafuta, sababu iko huko chini.

Mtoto anaanza aljebra, mwalimu ni wake peke yake, saa nzima. Kipindi cha tatu hivi wakafika 3x + 5 = 20. Mwalimu: "Tano hamishia ng'ambo, ikivuka inageuka hasi." Haya, 3x = 15. Mtoto akaendelea na kanuni ileile: 3 nayo ikavuka, nayo ikageuka hasi, 15 − 3, x = 12. Akachorewa kosa kubwa jekundu na kuambiwa hasikilizi.

Hasikilizi? Kasikiliza mno! Hakuna namba inayovuka kwenda popote. Tano imeondoka kwa sababu tumetoa 5 pande zote mbili. Tatu haikujumlishwa na x, inaizidisha, kwa hiyo huondolewa kwa kugawanya pande zote kwa 3. Ni magazijuto (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kinyumenyume: kilichofungwa mwisho kinafunguliwa kwanza. Mwache mtoto aandike "−5" chini ya kila upande hadi azoee. Ni mstari mmoja wa ziada tu, na kosa hili halipati pa kuzaliwa.

Kilichonichemsha hasa ni hiki: mtoto aliuliza kwa nini inageuka, akajibiwa, "Ndiyo kanuni, kariri, tuendelee." Jamani, mwalimu wa mtu mmoja ana faida gani kama "kwa nini" haina nafasi? Wala hakumwambia arudishe hiyo 12 kwenye mlinganyo. 3 × 12 + 5 ni 41. Sekunde kumi, mtoto anaona mwenyewe kuwa 41 si 20, kalamu nyekundu ya nini?

Tena mzizi wenyewe hakuugusa, yaani alama ya =. Aliyezoea hesabu za kawaida huisoma "jibu linafuata". Mpe 8 + 4 = __ + 5. Akijaza 12 au 17 badala ya 7, x isubiri. Mwanahisabati Robert Recorde alipoianzisha alama hiyo kitabuni mwaka 1557 alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Na muulize 3x ni ngapi x ikiwa 4. Huyu wetu alijibu 34, kaibandika 4 kando ya 3 badala ya kuzidisha apate 12. Kipindi cha tatu!

Haya, haki yake nimpe. Kipindi kilichofuata mwalimu aliifunika 3x kwa kidole: "Kitu gani ukikiongezea 5 unapata 20?" Kumi na tano. Akaondoa kidole: "Basi tatu mara ngapi ni 15?" Mtoto akacheka, kaipata bila kukariri chochote. Safi kabisa, hapo ningempa nne.

Ila kidole kina mwisho wake. Kwenye 5x − 4 = 2x + 11, x ziko huku na huku, hufuniki kitu. Hapo ndipo pa kutoa 2x kila upande, 3x − 4 = 11, ongeza 4 kila upande, 3x = 15, gawanya, x = 5; rudisha, 21 na 21. Nikajua sasa ataileta mizani: unachofanya upande huu, fanya na upande ule. Akasema: "x zote zihamie kushoto, namba zihamie kulia, ishara zigeuke."

Nyota moja. Basi, mbili, ya pili ni ya kidole.