Albin Vega 27: uzoefu wangu na mashua hii, na pa kutazama kabla ya kulipa

Naitumia Vega, mashua ndogo ya matanga, kati ya visiwa vya Stockholm na ng'ambo hadi Åland, visiwa vya Finland, na kila majira ya kuchipua watu huniuliza kama ile waliyoiona ikitangazwa "imetunzwa vizuri" inafaa. Jibu langu kwa mashua yenyewe ni ndiyo, bila kusita. Kwa tangazo, inategemea mambo machache ambayo picha haziyaonyeshi.

Kwanza ukubwa wake. Urefu mita 8.25, upana mita 2.46, kina cha mkuku (uti wa chini wa mashua) mita 1.17, uzito takriban kilo 2,300, na kati ya hizo 915 ni farumi (uzito wa kuisimamisha mashua) ya chuma iliyofungwa ndani ya mkuku wa faibaglasi. Aliyeichora ni Per Brohäll wa Sweden katikati ya miaka ya 1960, ikatengenezwa Kristinehamn kwa jina la Albin, na hadi uzalishaji unakoma 1979 zilikuwa zimetoka zaidi ya 3,400. Maana yake hata iliyo changa kuliko zote ina umri wa mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Hilo lisikutishe. Bodi, yaani mwili wa mashua, ni faiba tupu, nene, isiyo na povu katikati, na bado naziona za miaka ya mwanzo zikienda vizuri kabisa.

Baharini ni mashua ya kuaminika. Ni nyembamba, hivyo upepo ukianza tu inalala upande upesi, na mgeni hushtuka. Ikifika nyuzi 15 hivi farumi inaanza kufanya kazi, inakaza na kutulia. Kana (mkono wa usukani) ikianza kuwa nzito mkononi na mashua imelala kupita nyuzi 25, punguza tanga kuu kwanza; usipambane na kana, maana usukani uliogeuzwa sana ni breki. Kwa kupiga bisho (kwenda pembepembe kuelekea upepo) dhidi ya mawimbi mafupi ya Baltiki haina haraka, ila haipigi tumbo juu ya maji kama mashua pana za siku hizi. Safari ya kawaida ni noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa), na kwa urefu wake majini zaidi ya 6 na kitu usitarajie. Upepo mwepesi ndio udhaifu wake: bila tanga kubwa la mbele utaelea tu. Uwezo wake wa kusafiri mbali hauna ubishi. Mwaka 2011 Mmarekani Matt Rutherford aliondoka Annapolis na Vega kuukuu, akazizunguka Amerika zote mbili peke yake bila kushuka nchi kavu, akarudi 2012 baada ya siku 309.

Sasa boriti ya mlingoti, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Vega nyingi zinapofia mikononi mwa wasiojua.

Mlingoti wa Vega haushuki hadi kwenye mkuku. Umekaa juu ya sitaha, na mzigo wote unabebwa na boriti ya mbao zilizogundishwa, inayokatiza chini ya dari kwenye kiambaza kinachotenga sebule na choo. Kila ukikaza nyaya za mlingoti unaisukuma boriti hiyo chini. Miaka ikipita, maji yakiingia kwenye matundu ya skrubu, gundi inaachia, tabaka za mbao zinafunguka, na sitaha inaanza kubonyea. Dalili zake ni hizi: mlango wa choo au wa chumba cha mbele unakwama juu, nyufa nyembamba za jelikoti (tabaka la juu la faiba) zinatoka kwenye kitako cha mlingoti kama miguu ya buibui, nyaya zinalegea kila baada ya wiki chache ingawa umezikaza. Weka rula ya mita moja juu ya sitaha, ikatize kushoto kwenda kulia mbele tu ya kitako. Sitaha inatakiwa iinuke kidogo katikati. Ikiwa bapa, uliza maswali. Ikiwa na bonde, boriti imekwisha au imekaribia.

Kuna mtego mmoja. Huku Sweden mashua nyingi huuzwa wakati zimepandishwa nchi kavu, kati ya Oktoba na Mei, na mlingoti umeshushwa. Mzigo ukiondoka sitaha hupumua na kurudi juu, milango inafunga vizuri, na mnunuzi anaridhika. Kwa hiyo usitazame mlango tu, tazama ukingo wake wa juu: ukikuta umepigwa randa, mbao mpya imeonekana chini ya vanishi, mtu alishawahi kuupunguza ili ufunge. Ingiza pia kisu chembamba kati ya boriti na dari. Kikipita kwa urefu kuna nafasi isiyotakiwa. Gonga boriti kwa mpini wa bisibisi kuanzia pembeni hadi katikati. Mlio mkavu ni mzuri, mlio wa kopo ni tabaka zilizoachana.

Matengenezo yanawezekana, wala si ya kukimbiwa. Unashusha mlingoti, unasimamisha nguzo ya mbao juu ya jeki ndani, na kuinua sitaha milimita chache kwa siku, si kwa mkupuo, usije ukapasua faiba. Kisha unatia boriti mpya, au ile ya zamani ikiwa bado nzima unaifunga kati ya mabamba mawili ya chuma cha pua kwa bolti zinazopita. Matundu yote ya skrubu juu ya kitako yachimbuliwe, yajazwe epoksi, ndipo yatobolewe upya, ili mbao isiguswe na maji tena. Muuzaji aliyekwisha kufanya kazi hii na ana picha zake anastahili bei anayoitaka. Asiyejua unaongelea nini, mpunguzie.

Injini za asili ni jambo la pili. Vega za mwanzo zilikuja na petroli ya Albin, za baadaye dizeli ndogo ya Volvo Penta, na nyingi zina mfumo wa Combi: hakuna giaboksi, shafti inazunguka daima upande mmoja, na mabawa mawili ya rafadha (propela) ndiyo yanayogeuka kwenda mbele, katikati au nyuma. Mfumo mzuri. Ukiwa na matanga unaweza kuyalaza mabawa yaende sambamba na maji yasivute. Tatizo ni kwamba "katikati" si kusimama kabisa. Mashua hujikokota, na ukikaribia gati lazima ujue hilo. Mashua ikiwa juu, shika ncha ya kila bawa na ulitikise. Kucheza kidogo ni kawaida, ila bawa likicheza kuliko mwenzake, vipande vya ndani vimelika, na vipuri vya Combi ni vya kutafutwa kwa wamiliki wengine, si dukani. Mwambie muuzaji asogeze mkono wa kuendeshea kutoka mwisho hadi mwisho huku ukitazama nje: mabawa yote yageuke pamoja, kwa kiasi kilekile.

Ikiwa injini ni ya petroli, kabla ya kuwasha fungua ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua), nusa, kisha endesha feni dakika 4 au 5. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kabisa pale mkono hauendi, na cheche moja inatosha. Mimi nampendelea mwenye mashua iliyobadilishiwa dizeli mpya yenye giaboksi ya kawaida, hata kama bei imepanda. Lakini tazama vitanda vya injini: kama viliongezewa mbao bila kufunikwa kwa faiba, mtetemo utavifungua.

Mkukuni, piga magoti utazame upande wa chini. Alama za mwamba hazikosekani huku, kwani kila anayesafiri kati ya visiwa hivi hugusa jiwe siku moja. Swali ni kama maji yalifika kwenye chuma kilicho ndani. Tone la kahawia linalochuruzika kwenye ufa siku kadhaa baada ya mashua kupandishwa ni kutu, na kutu huvimba, na kuvimba hupasua. Hapo ndipo mimi huondoka. Usukani uuinue na kuutikisa kushoto na kulia. Uchakavu wa milimita moja mbili unarekebishika, na mpira wa kuzuia maji juu ya shafti yake ni wa kubadilisha tu.

Valvu za chini ya maji zikwangue kwa kisu. Rangi ya njano inayong'aa ni salama; rangi ya waridi ni shaba nyeupe iliyopoteza zinki yake, ambayo itavunjika mkononi siku utakapohitaji kuifunga haraka. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo, kwa hiyo valvu hudumu huku kuliko Bahari ya Kaskazini. Anayekusudia kuihamishia Mombasa au Tanga abadilishe zote kwa bronzi kabla ya kuondoka, na apige epoksi bodi nzima, maana maji ya joto huita malengelenge kwenye faiba upesi.

Madirisha makubwa ya pembeni huvuja yote, si kama, ni lini. Michirizi ya hudhurungi kwenye mbao chini yake inasema ni muda gani. Dawa ni akriliki mpya na tepu ya butili. Ukikuta silikoni imepakwa pembeni, jua utasugua siku nzima, kwa kuwa inaacha utando usiokubali gundi nyingine yoyote.

Matanga yakunje karibu na sikio: yakilia kama karatasi, kitambaa kimekufa kwa jua. Uzi wa mshono ukikatika kwa ukucha, shona upya yote. Nyaya za mlingoti zipitie kwa kitambaa cha pamba kuanzia juu hadi kwenye vibanio vya chini. Uzi mmoja wa chuma ukikamata kitambaa, badilisha seti nzima, si waya mmoja.

Ndani panatosha watu wawili kwa wiki tatu, wanne kwa mwisho wa juma. Mtu wa futi sita atainama. Vitanda vya sebuleni ni vyembamba, na ndivyo vinavyofaa kulalia mashua ikiwa imelala upande.

Katika bei ulizia pia kitanda cha chuma cha kuiegeshea msimu wa baridi na fremu ya turubai. Vikiwa havimo, utavinunua Oktoba hiyohiyo. Halafu omba kuiona ikiwa majini na mlingoti umesimama, hata kwa saa moja, na uende na rula yako.