Mtaa mpya upangwe kwa gridi (barabara zinazokatizana kama wavu) au kwa barabara zisizotoboka, zinazoishia katikati ya nyumba?

Kwa gharama ya lami, barabara zisizotoboka ndizo nafuu. Kwa usalama pia: njia panda ya barabara nne, kama za kwenye gridi, ina sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana; ya barabara tatu, kama pale barabara isiyotoboka inapoungana na nyingine, ina 9 tu.

Matunzo ndiyo taabu. Bomba linaloishia mwisho wa njia hutuamisha maji, hivyo linahitaji valvu ya kusafishia, ifunguliwe mara kwa mara. Kwenye gridi mabomba huzunguka. Moja likipasuka, maji hupita kwingine. Zimamoto nao vilevile.

Ardhi tambarare yenye maduka na mabasi inataka gridi. Kwenye mteremko mkali, barabara zilizonyooka hugeuka mifereji ya mafuriko. Hapo fuata kontua, yaani mistari ya mwinuko ulio sawa, ila toboa njia za miguu, tafadhali, mtoto asizunguke kilomita nzima kufikia shule anayoiona dirishani.