Kadi za picha kwa mtoto mwenye usonji asiyeongea: uzoefu wangu

Kati ya yote tuliyojaribu kwa mwanangu, kadi za picha ndizo zilizoleta ahueni kubwa zaidi nyumbani. Ana usonji (autism) na hana maneno. Zamani alikuwa akitushika mkono na kutuburuta hadi kabatini, nasi tunaanza kubahatisha: maji? biskuti? kile kikombe cha bluu? Tukikosea, anajitupa chini na kujigonga kichwa. Wageni walimwona mtundu, kumbe mwenzao alikuwa anaomba kitu na haeleweki.

Mfumo tunaoutumia unaitwa PECS, yaani mawasiliano kwa kubadilishana picha, ulianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Una hatua 6. Uzuri wake ni kwamba mtoto ndiye anayeanza mazungumzo: anachukua picha, anakuwekea mkononi, nawe unampa kitu hicho papo hapo. Mwanzoni wanahitajika watu wazima wawili. Mmoja anakaa mbele na kitu anachokipenda mtoto, mwingine anakaa nyuma na kumwongoza mkono aichukue kadi na kuikabidhi. Wa nyuma hasemi lolote. Wa mbele naye haulizi "unataka nini?", maana mtoto akizoea hivyo atakuwa anangoja kuulizwa kila siku. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko unavyodhani. Bibi yake alishindwa kabisa. Alikuwa anauliza na kujibu mwenyewe, tukamhamishia kwenye kukata kadi.

Hatua ya pili kadi inawekwa mbali, na mpokeaji naye anasogea, ili mtoto ajifunze kumfuata mtu. Mara ya kwanza alipoibandua kadi na kunifuata nayo hadi chumba kingine, niliamini kwamba jambo hili linafanya kazi. Tulikwama kwenye ya tatu, ambapo anachagua kati ya picha mbili, moja ya kitu anachokitaka na nyingine ya kitu asichokijali. Akinipa kadi ya soksi, nampa soksi, anazirusha na kunitazama kama nimemdhulumu. Hapo wazazi wengi hukata tamaa, na nawaelewa. Sasa anapanga kadi ya "nataka" na picha ya kitu kwenye ukanda mmoja, na vilio vimepungua sana.

Nilihofia kadi zingemfanya mvivu wa kuongea. Mtaalamu wa tiba ya usemi alinieleza kwamba tafiti hazijaonyesha picha zikizuia usemi, na baadhi ya watoto huongeza maneno. Wangu hajaanza kuongea, ila hutoa sauti fulani anapokabidhi kadi ya juisi, na ni ile ile kila mara.

Kasoro zipo. Kadi hupotea, daftari la kuzibandikia lazima litembee naye kila mahali, na asipolitumia mwalimu au mlezi wa mchana, kazi yote inarudi nyuma. Seti za kununua zina picha nyingi za vitu asivyovijua. Nilizopiga kwa simu, nikazichapisha na kuzifunika kwa plastiki, alizielewa haraka zaidi. Kama una hela kidogo, weka kwenye kulipia mafunzo, siyo kwenye seti.

Tiba kwa vitendo, ile ya kumfundisha mtoto shughuli za kila siku, ilitusaidia kwenye kuvaa na kupiga mswaki, sina la kulalamika. Kuhusu ABA, tiba ya kurekebisha tabia, nina mashaka kiasi. Inafundisha stadi hatua kwa hatua, lakini watu wazima wengi wenye usonji walioipitia wanasema walilazimishwa kuficha tabia zao za asili. Kabla ya kukubali, nilimuuliza mhudumu atafanya nini mtoto akianza kupunga mikono. Alijibu, "Nitamwacha, kama hajiumizi." Tukaendelea naye. Dawa hatujatumia. Risperidone iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, na aripiprazole mwaka 2009, kwa hasira na ghasia zinazoambatana na usonji. Haziondoi usonji wenyewe, na zinaweza kuongeza uzito.

Asiye na mtaalamu karibu aulizie mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yameandaliwa ili hata wasio wataalamu waweze kuyaendesha.

Na wauzaji wa "tiba kamili" watakufuata tu. Mmoja alinishikisha matone ya "kusafisha mwili". Kusoma lebo, ni klorini dioksaidi, kemikali ya kupaushia vitu. Nilimrudishia chupa yake.

Kwa mtoto asiye na maneno, au mwenye machache asiyoyatumia kuomba, nazipa kadi hizi nyota nne na nusu. Mtoto anayeongea vizuri hazihitaji. Ukianza, chagua kitu anachokipenda kweli na ukifiche asikifikie mwenyewe. Akikifikia, hana sababu ya kukuletea kadi.