TAHADHARI: Mikseri za sauti za zamani "zilizofanywa upya" zinazouzwa Lubumbashi

Ndugu wanamuziki, wapasta, viongozi wa kwaya, na ninyi wenye studio ndogo katika komine zetu za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi: kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp na picha za mikseri kubwa za Kiingereza (meza za kuchanganyia sauti) za miaka ya 1980, chaneli 16 au 24. Anasema zimefunguliwa zote, zimewekwa kapasita mpya (vipuri vidogo vinavyotunza umeme) na chipu mpya, na sasa zinatoa sauti nzuri kuliko zilipotoka kiwandani. Msimpe pesa. Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, na mikseri alizouza zinaletwa kwangu moja baada ya nyingine. Ninayoandika hapa nimeyaona ndani ya vyombo vyenyewe na nimeyapima.

Kwanza anaomba nusu ya bei kwa M-Pesa au Airtel Money, eti mzigo uko mpakani Kasumbalesa unangoja duane (forodha). Baadaye anaomba nyongeza, eti duane wamepandisha. Halafu mzigo unafika jioni, wakati umeme umekatwa mtaani, kwa hiyo hakuna wa kuujaribu. Anapokea pesa iliyobaki na kuondoka bila kuacha faktire (ankara). Kesho yake unawasha, taa zinawaka, chaneli ya kwanza na ya pili zinatoa sauti safi. Hizo mbili ndizo alizozitengeneza kweli, na ndizo zilizo kwenye picha zake. Kuanzia ya tatu, kapasita ni zile zile za zamani, zimekauka, na nyingine zimevuja hadi dawa yake ikala njia za shaba za kadi (bamba linaloshika vipuri). Fideri, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, amezipulizia mafuta ya bawaba za mlango. Zinateleza vizuri siku chache, kisha vumbi letu la kiangazi linagandamana humo na zinaanza kukwaruza.

Hayo ni hasara ya pesa. Kilichonifanya niandike ni kingine. Katika zaidi ya mikseri moja nimekuta waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, umekatwa ndani, karibu kabisa na mahali kamba ya umeme inapoingilia, na ncha yake imefungwa kwa utepe mweusi. Najua kwa nini anafanya hivyo. Mikseri ikichomekwa tundu moja na amplifaya zikachomekwa lingine, mara nyingi kunakuwa na mngurumo, na ukikata ardhi mngurumo unanyamaza papo hapo. Mteja anafurahi. Lakini siku waya wenye umeme utakapogusa bodi, yaani kasha la chuma la mikseri, kwa ndani, hakuna njia ya kuupeleka huo umeme ardhini ili fyuzi ikatike. Bodi yote inakuwa na volti 220, na kupitia ganda la kamba ya maikrofoni (wavu wa waya unaozunguka nyaya za sauti) umeme unafika mkononi mwa anayeimba. Mwimbaji aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji, au mpiga gitaa aliyeshika nyuzi huku mdomo ukigusa maikrofoni, yeye ndiye anageuka kuwa waya wa ardhi. Watoto wa kwaya wanashika maikrofoni hizo kila Jumapili!

Tafadhali pimeni leo. Chomoa mikseri kabisa kwenye umeme. Weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye sehemu ya ardhi ya plagi, nyingine kwenye skrubu ya bodi isiyo na rangi. Iwe chini ya omu 1. Multimita isiposoma kitu, usiichomeke tena mpaka fundi arudishe waya huo. Mngurumo una dawa zake: kulisha mikseri na amplifaya kutoka laini moja ya umeme, kukata ganda la kamba ya sauti upande mmoja tu kati ya mikseri na amplifaya, au kuweka transfoma ya kutenganisha sauti. Waya wa ardhi wa umeme haukatwi kamwe.

Kuhusu chipu, anajisifu kwamba ametoa TL072 zote na kuweka NE5532, ambazo zote mbili ni aina za chipu za kukuza sauti. Nilizozitoa zimeandikwa 5532 juu, lakini ni chipu za bei ndogo zilizofutwa na kuandikwa upya. Kuzitambua si kazi kubwa: 5532 ya kweli ina dayodi (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja) kati ya miguu yake ya 2 na 3, na kati ya 5 na 6. Chipu ikiwa nje ya kadi, multimita ikiwekwa kwenye alama ya dayodi inasoma karibu volti 0.6 au 0.7 kila upande utakaopima. Zake hazisomi kitu. Na hata zingekuwa za kweli, muulize muuzaji yeyote amefanya nini kwenye sehemu inayolisha mikseri umeme. TL072 moja inakula karibu miliampea 3, 5532 moja inakula karibu 8. Mikseri yenye chipu 120 inatoka kwenye miliampea 360 na kufika karibu ampea nzima. Transfoma ya zamani haikutengenezwa kwa mzigo huo, na kwa umeme wetu unaopanda na kushuka itaungua mapema.

Mikseri moja ilikuwa imeng'olewa transfoma za maikrofoni, ambazo Ulaya zinanunuliwa ghali peke yake. Mahali pake, kwenye tundu la maikrofoni lenye miguu mitatu, ameunga mguu 2 moja kwa moja na kuulaza mguu 3 ardhini. Kabla ya kulipa, washa fantomu (umeme wa volti 48 ambao mikseri inapeleka kwenye maikrofoni) bila maikrofoni yoyote na upime: mguu 1 na 2, kisha 1 na 3. Pote pawe kati ya volti 44 na 52, na pafanane. Ukikuta 48 upande mmoja na sifuri upande wa pili, acha.

Aliyekwisha kutuma avansi (malipo ya kwanza) asiongeze hata faranga moja kwa ajili ya "duane". Tunzeni ujumbe wa M-Pesa, sauti za WhatsApp na picha alizotuma, hata kama amebadilisha namba. Baadhi ya waliouziwa wanaandaa malalamiko ya pamoja ya kupeleka parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na anayetaka kuungana nao aniandikie kwa siri. Kwa makanisa na kwaya, kupima waya wa ardhi sitozi kitu. Leteni mikseri, au niiteni nije nipime hapo ilipo.